MALEZI YA MTOTO MDOGO NI MTAJI WA UMMA WOTE

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu S.W., Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad S.A.W., jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Somo letu la Ijumaa hii ni juu ya mtoto mdogo, tangu anapokuwa tumboni mwa mama yake mpaka anapotimiza miaka sita. Wengi wetu hapa Bunia huanza kuhesabu gharama za mtoto siku anayoingia masomo ya msingi. Hapo ndipo tunatafuta daftari, yunifomu na viatu. Kabla ya hapo tunasema, "Huyu bado mdogo, ale tu, akue." Ndugu msomaji, miaka hiyo tunayoiona ni ya kungoja tu ndiyo miaka ambayo pesa kidogo na bidii kidogo huleta faida kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Faida hiyo haiishii nyumbani kwako, inafika sokoni na katika mji mzima.

1. DINI IMEANZA NA MTOTO KABLA HAJAJUA KUSEMA

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ameweka muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Papo hapo akamwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama kwa kadiri ya uwezo wake. Tazama mpango huu. Mtoto hajasema neno, naye tayari amepangiwa chakula, na mlezi wake amepangiwa matunzo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 9, tumeonywa tuogope kuacha nyuma yetu kizazi dhaifu.

Mtume S.A.W. alitufundisha kwa vitendo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Alipomsikia mtoto analia msikitini aliifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Alimtania mtoto mdogo Abu Umayr kwa kumuuliza habari za ndege wake. Kwa hiyo kucheza na mtoto na kuzungumza naye si upuuzi unaomshushia mtu mzima heshima yake. Ni katika mwendo wa Mtume.

Ibn Saad amepokea habari ya Sayyidna Umar bin Khattab R.A. iliyo muhimu sana kwa somo letu. Hazina ya Waislamu ilikuwa ikitoa posho kwa mtoto aliyeachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulikuwa umepiga kambi Madina, na Umar alikuwa katika ulinzi. Akasikia mtoto analia. Akaenda kwa mama yake, akamwambia amtunze mtoto wake. Kilio kikarudi, naye akarudi tena, mpaka mwisho wa usiku. Mama, asiyemjua anayesema naye, akaeleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Umar aliswalisha Alfajiri huku watu hawasikii vizuri kisomo chake kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto, na kwamba kila mtoto wa Kiislamu atapewa posho tangu kuzaliwa.

Ndugu zangu, hapo pana funzo kwa kila anayeshika mfuko wa watu wengi. Ile kanuni ya kwanza ilikuwa na sura ya kubana matumizi ya hazina, lakini aliyelipa gharama yake ni mtoto anayenyonya. Umar hakungoja mwaka mwingine ili kuibadilisha.

2. WANAOSEMA TUNGOJE MIAKA SABA

Wako ndugu wanaosema kwamba Mtume S.A.W. aliagiza mtoto aamrishwe swala akiwa na miaka saba, basi kabla ya hapo hakuna la kumfundisha. Hadithi hiyo ipo, ameipokea Abu Daud. Lakini inataja umri wa kuamrishwa swala, haikusema malezi yaanze siku hiyo. Mkulima wa hapa kwetu akipanda maharagi bila kulima kwanza, tutamwambia nini wakati wa mavuno?

Sisi walimu wa chuo tunaiona tofauti hiyo mapema. Mtoto aliyezoea kuzungumzishwa, kusimuliwa hadithi, kuulizwa na kujibu, hushika alifu, be, te kwa muda mfupi. Mtoto aliyekulia katika njaa, kelele na vipigo huja amejikunja. Akiulizwa, anainama. Mwalimu asiyejua humwita mjinga, kumbe hakuna aliyemfungulia mlango.

3. WATAALAMU WAMEPIMA NINI

Waganga wanatueleza kwamba mtoto akifika miaka mitano, ubongo wake umekwisha kufikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Jengo hilo hujengwa kwa chakula, kwa usingizi na amani, na kwa maneno anayosikia.

Huko Kingston, katika nchi ya Jamaika, mwaka 1986 walichukuliwa watoto 129 wa familia maskini, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa kwa lishe mbaya. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu wa afya alikaa na mama muda wa saa moja, akamwonyesha namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye walitafutwa. Wale waliotembelewa walikuwa wanapata mapato makubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa bila kutembelewa. Hawakupewa mtaji wa duka. Mtaji wao ulikuwa saa moja kwa wiki walipokuwa wachanga.

Huko Marekani, mji wa Ypsilanti, kati ya 1962 na 1967, watoto 123 wa familia maskini za watu weusi waligawanywa makundi mawili. Watoto 58 waliingizwa katika shule ya wadogo iitwayo Perry, na 65 hawakuingizwa. Walifuatiliwa mpaka wakafika miaka 40. Waliosoma pale walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kazi nzuri zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Mtaalamu wa uchumi James Heckman, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2000, alikadiria pamoja na wenzake kwamba kila dola 100 zilizowekwa pale zilileta kwa jamii faida ya dola 7 hadi 10 kwa mwaka. Na hii si riba, ndugu zangu. Ni jasho la mtu aliyelelewa akaweza kufanya kazi, na ni gharama ya jela na hospitali iliyoepukwa.

4. MADRASA ZA MOMBASA, UNGUJA NA KAMPALA

Msomaji atasema, "Hayo ni ya nchi za mbali." Basi tuje kwa jirani zetu. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, awasaidie kuinua elimu ya watoto wao. Watoto hao walikuwa wakibaki nyuma katika masomo ya serikali, na wazazi hawakutaka wapoteze dini yao. Mwaka 1986 ikafunguliwa madrasa ya kwanza ya chekechea huko Mombasa, na mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Namna yao ya kufanya kazi ndiyo ya kuigwa. Wenyeji walitoa chumba na kuchagua kamati yao. Wasichana na mama wa mtaa huohuo walifundishwa ualimu. Vifaa vilikuwa vifuniko vya chupa, makopo, mbegu, maganda na mchanga. Walichukua njia za ile shule ya Ypsilanti za kumwacha mtoto achague, acheze na aeleze alichofanya, wakazichanganya na Qur'an, dua, adabu za Kiislamu na hadithi za Kiswahili. Watoto wa jirani wasio Waislamu nao walipokelewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, ulionyesha kwamba watoto waliosoma chekechea waliendelea vizuri zaidi katika kufikiri kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa hizi waliwapita wa chekechea nyingine.

Basi asiseme mtu kwamba madrasa haiwezi. Madrasa za Waislamu wenzetu zimeweza, na kwa vifuniko vya soda.

5. HALI YETU HAPA ITURI

Hapa kwetu deni ni kubwa. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2017 na 2018 ulikuta watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Masomo ya msingi ya serikali yalifanywa bure kuanzia Septemba 2019, lakini maternele haikuingia katika bure hiyo. Mtoto wa mzazi asiye na kitu anafika darasa la kwanza bila kuandaliwa, anarudia darasa, mwisho anaacha masomo.

Tena sisi ni watu wa vita. Tumepita miaka ya 1999 hadi 2003, na tangu mwisho wa 2017 familia nyingi zilikimbia vijiji vya Djugu zikaja kulala chini ya mahema. Kuna watoto waliozoea mlio wa bunduki kabla ya kuzoea kitabu. Hatudai kwamba chekechea peke yake ingezuia vita. Lakini kijana asiye na kazi, asiyejua kusoma, asiyewahi kuambiwa neno jema, ni mwepesi kununuliwa na mwenye silaha. Na watoto wa makabila yetu yote wakikaa mkeka mmoja wakiwa na miaka minne, wanajuana kwa majina kabla hawajafundishwa kuchukiana.

6. MAMBO TUNAYOWEZA KUANZA

(a) Mume ampeleke mke mjamzito kituo cha afya mapema, asingoje mwezi wa nane. Mtoto akamilishiwe chanjo zote.

(b) Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Kisha aongezewe uji wa soya au karanga, yai, avoka, sombe, samaki wadogo wa Ziwa Albert waliosagwa, huku akiendelea kunyonya. Bugali mtupu hushibisha tumbo lakini haujengi mwili.

(c) Kila siku baba azungumze na mtoto wake mdogo, amsimulie, amwimbie, amjibu maswali yake. Jambo hili halina gharama ya hata franka moja.

(d) Pale ambapo chumba cha madrasa kiko tupu asubuhi, kamati ifungue mkeka wa wadogo. Panahitajika mama au dada wawili wenye subira waliofundishwa, maji safi, choo, uji, na vitu vya kuchezea vya kutengeneza wenyewe. Fimbo ibaki nje.

(e) Tupange mfuko. Kwa mfano, familia 30 zikitoa franka 1000 kila wiki, kama tunavyotoa katika likelemba, kwa wiki nne zitapatikana franka 120.000. Wengi wetu tunatumia zaidi ya hapo kwa unite za simu. Kuhusu Zaka, mtoto maskini ana haki humo kwa umaskini wake. Ama kujenga vyumba kwa Zaka, waulizwe wanazuoni kwanza.

Ndugu Waislamu, Muslim amepokea kwamba dinari yenye malipo makubwa zaidi ni ile mtu anayoitumia kwa watu wa nyumbani kwake. Tumezoea kutoa kwa furaha mabati na saruji ya msikiti, na hilo ni jema. Lakini msikiti bila watoto waliolelewa utabaki kuta tu.

Ee Mola wetu, wajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, uwaponye walioumizwa na vita, uturudishie amani Ituri, na utusamehe pale tulipopuuza amana yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma mpe jirani.)