Mifupa ya Karungu na Vipimo vya Oswald

Mazungumzo kati ya mzee wa Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori, aliyewahi kufanya kazi na watafuta visukuku, na mjukuu wake anayesomea ualimu.

MJUKUU: Kwara, ulisema Karungu inajulikana London kuliko inavyojulikana Migori mjini. Imekuwaje?

MZEE: Ni mifupa, nyakwara. Mwaka 1909 Mzungu mmoja aitwaye Chesnaye alipita huku akitafuta dhahabu, kama vijana wetu wanavyoitafuta leo kule Macalder. Akaona mifupa iliyogeuka mawe ikichomoza kwenye makorongo. Pigott, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa hapa, akakusanya mingine. Yeye aliuawa na mamba, lakini mifupa ikafika kwa afisa mwenzake, Hobley, na kutoka kwake ikaenda London. Mwaka 1911 mtaalamu wa makumbusho, Andrews, akatangaza kwamba huyu ni mnyama asiyejulikana bado, akampa jina la Hobley. Ni deinotheri.

MJUKUU: Deinotheri ni mnyama wa namna gani?

MZEE: Jamaa wa mbali wa ndovu, aliyekwisha kutoweka duniani. Pembe zake hazikutoka taya la juu kama za ndovu. Zilitoka taya la chini, zikapinda kuelekea ardhini na kurudi nyuma. Gego lake nimelishika kwa mikono yangu miwili. Ni zito, na lina matuta makali yanayokatiza upana wake, ya kukatia majani. Ukilipitishia kidole unahisi ukali ule hadi leo.

MJUKUU: Na huyo Oswald unayemtaja kila siku?

MZEE: Felix Oswald, mwanajiolojia Mwingereza. Kabla ya kuja huku alikuwa ameshazunguka Armenia akisoma miamba yake na kuiandikia kitabu. Mwaka 1911 makumbusho ya London yakamtuma Karungu kutafuta mifupa zaidi. Usidhani ilikuwa safari ya raha. Malale yalikuwa yameua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda pekee, na ufuo huu wetu nao ulikuwa umepigwa vibaya. Mbung'o walijaa vichakani karibu na maji, palepale kwenye makorongo aliyotaka kuyachunguza. Akapanda huku, akateremka kule, akafika mto Kuja, akaokota mifupa ya wanyama wa kila aina, hata makombe ya konokono. Lakini kwangu mimi mifupa si kazi yake kubwa.

MJUKUU: Kazi yake kubwa ni ipi basi?

MZEE: Alipima. Alisimama mbele ya kuta za makorongo, hapa Nira na pale Kachuku, akaandika tabaka baada ya tabaka kutoka chini hadi juu. Huu ni udongo mfinyanzi, una unene huu. Huu ni mchanga. Hili ni jivu la volkano. Na mifupa akaieleza imetoka tabaka gani. Akayachapisha hayo mwaka 1914.

MJUKUU: Lakini Kwara, mfupa si ni mfupa tu? Ukiutazama utajua ni wa mnyama gani.

MZEE: Utajua ni wa nani, hutajua ni wa lini, wala aliishi na akina nani. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Tazama vilima vile vya Gwassi. Ni masalio ya volkano kubwa iitwayo Kisingiri. Ilipokuwa hai ilimwaga jivu lenye chokaa nyingi hadi kisiwa cha Rusinga na hadi hapa Karungu, na jivu hilo ndilo lililoihifadhi mifupa vizuri hivi. Ndani ya jivu mna madini yenye potasiamu, na sehemu ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, kwa kasi inayojulikana. Ukipima argoni iliyokusanyika unapata umri wa jivu, na kwa hiyo unakadiria umri wa mfupa uliolala juu au chini yake. Oswald hakuwa na njia hiyo, ilikuja miongo kadhaa baadaye. Ila kwa kuwa aliandika tabaka, waliokuja na njia hiyo walijua pa kuanzia. Leo tunasema mifupa ile ya zamani ya Karungu ina umri wa miaka milioni 17 au 18 hivi.

MJUKUU: Na asingeandika?

MZEE: Twende Homa Bay, uone yaliyompata Louis Leakey, naye mtafuta visukuku. Mwaka 1932, pale Kanam kwenye rasi ya Homa, msaidizi wake Juma Gitau alikuwa akichimbua jino la deinotheri, jamaa wa huyu wetu, akapata kipande cha taya la binadamu. Leakey akatangaza kwamba amepata mtu wa kale mno. Mwaka 1935 akaja mwanajiolojia Boswell kukagua. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa. Vyuma alivyopigilia kama alama vilikuwa vimeng'olewa, mvua zilikuwa zimeshabomoa kingo, na picha aliyoichapisha ilikuwa ya korongo lingine. Boswell akaandika hayo katika jarida la Nature, na sifa ya Leakey ikaporomoka. Taya lipo, limehifadhiwa. Lakini kama ushahidi wa mtu wa kale wa Kanam, halijapata nguvu tena.

MJUKUU: Ila ndiye huyo Leakey wa Rusinga.

MZEE: Ndiye. Na mkewe Mary ndiye aliyeliona fuvu la Prokonsul kule Rusinga mwaka 1948, sokwe wa kale wa miaka yapata milioni 18. Sikwambii Leakey hakuwa na maana. Nakwambia kushindwa kuonyesha mahali hasa ndiko kulikomnyang'anya Kanam.

MJUKUU: Kuna jambo linanikera, Kwara. Oswald alitoa kitabu cha safari mwaka 1915 na jina la kitabu hicho linasema alikuwa peke yake. Masanduku ya mawe aliyabeba nani?

MZEE: Wapagazi, watu wa huku. Hasira yako ni ya haki, na mimi ninayo. Waliojua njia, maji na makorongo hawakuandikwa kwenye vitambulisho vya mifupa. Ilichukua hadi mwaka 1993 ndipo aina moja ya sokwe wale wa Rusinga ikapewa jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na Leakey kwa miongo mingi. Jina la Hobley, aliyetuma tu sanduku, lilikuwa vitabuni tangu 1911. Na mifupa ya Oswald iko London. Mtoto wa huku akitaka kuiona inabidi apande ndege.

MJUKUU: Siku hizi mambo yamebadilika?

MZEE: Yamebadilika kiasi. Chukua Nyayanga, palepale rasi ya Homa. Mkazi wa huko aliyefanya kazi na watafiti ndiye aliyewaelekeza kwenye mifupa iliyokuwa ikitokeza. Uchimbaji ulianza 2015, na mwaka 2023 timu ya Thomas Plummer na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikatangaza zana za mawe za miaka kati ya milioni 2.6 na 3, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa binadamu aliyetoweka. Kila jiwe lililochimbwa lilipimwa lilipolala kabla ya kuinuliwa. Ndiyo maana wanathubutu kusema kiboko na jiwe la kumkatia vilikuwa pamoja.

MJUKUU: Wachimba dhahabu wakikuta mfupa wa mawe shimoni wafanye nini?

MZEE: Wasiung'oe. Wapige picha na kitu cha kuonyesha ukubwa, hata kalamu, wahifadhi mahali kwenye simu, wawaarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 inasema visukuku ni mali ya taifa, na kuvichimba bila leseni ni kosa. Nawaambia vijana hivyo kila mara, na wengine husikia.

MJUKUU: Nikipelekwa kufundisha huku, wanafunzi waanze na nini? Hatuna maabara.

MZEE: Waanze na ukuta wa korongo lililo karibu na shule. Wasiokote kitu. Wapime kila tabaka kwa rula, waandike rangi yake na kama ni mchanga, mfinyanzi au jivu, wachore, watie tarehe na majina yao wote, hata aliyeshika rula. Mwaka unaofuata, baada ya mvua, darasa lingine lirudi palepale na karatasi ile mkononi.