Kuku Mwekundu wa Rhode Island: Sifa Zake na Maswali Mnayotuuliza



Tangu tulipoanza mafunzo ya ufugaji katika vikundi vya Likasi na Kambove, jina moja linarudi kila mara: kuku mwekundu wa Amerika, Rhode Island. Wengine mmemwona sokoni, wengine mmesikia kwamba anataga mayai kila siku. Koperative moja inataka kumnunulia kila memba kuku watano. Mayai mengi tunayokula hapa yanapita Kasumbalesa kutoka Zambia, na makuta yetu yanakwenda kwa wengine. Wazo la kuyazalisha sisi wenyewe ni zuri. Lakini makuta ya koperative ni makuta ya watu wote, kwa hiyo tumjue vizuri kuku huyu kabla ya kufungua sanduku.

ANATOKA WAPI?

Rhode Island ndiyo jimbo dogo kuliko yote ya Marekani, kando ya bahari. Mwisho wa miaka ya 1800, wakulima wa upande wa Little Compton walichukua majogoo mekundu ya aina ya Malay na kuku wakubwa wa China, waliofika kwa meli, wakawapandisha na kuku wao wa nyumbani. Kila mwaka walibakiza jogoo mwekundu, mwenye nguvu, aliyevumilia baridi. Mwaka 1904 aina hii iliandikwa rasmi katika kitabu cha wafugaji wa Marekani. Mwaka 1925 watu walimjengea ukumbusho wa jiwe katika kijiji cha Adamsville, na mwaka 1954 akafanywa ndege wa jimbo lile.

Tunaeleza hayo kwa sababu moja. Kuku huyu alitengenezwa na wakulima, kwa kuchagua jogoo vizuri na kwa muda mrefu. Kazi hiyo hata koperative inaiweza.

SIFA ZAKE

Manyoya yake ni mekundu ya giza, karibu na rangi ya damu iliyokauka. Mkia wa jogoo ni mweusi unaong'aa kijani. Mwili ni mrefu na wa pembe nne, kama tofali. Miguu na ngozi ni ya njano. Jike mkubwa anafika karibu kilo 3, jogoo karibu kilo 4. Kuku wetu wa kienyeji mara nyingi hapiti kilo moja na nusu.

Yai lake ni la rangi ya kahawia. Jike anaanza kutaga akiwa na miezi 5 hadi 6. Ni kuku mtulivu, anajua kutafuta chakula nje, na anavumilia baridi ya Juni na Julai kuliko aina nyingi za kizungu. Ndiyo maana alienea dunia nzima, hata Afrika ya Mashariki.

MASWALI YENU

1. "Hii kuku nyekundu inauzishwa ku soko, ni Rhode Island ya kweli?"

Mara nyingi hapana. Kuku wengi wa kahawia wanaouzishwa ni wa kuchanganywa na makampuni, kama ISA Brown au Lohmann Brown. Damu ya Rhode Island imo kwa upande wa baba, lakini mama ni wa aina nyingine. Kuku hao wanataga sana, hata kupita Rhode Island mwenyewe. Shida ni watoto wao: hawafanani na mama. Ukitotolesha mayai yao, utapata mchanganyiko usioujua.

Namna ya kuwatofautisha: kuku wa kampuni ana rangi nyepesi, na ukifunua manyoya utaona meupe chini au mkiani. Rhode Island ni mwekundu mpaka ndani. Ishara nyingine ni vifaranga vya siku moja. Kama muuzaji anasema majike yote ni ya kahawia na madume yote ni ya njano nyeupe, hao ni wa kampuni.

Kwa hiyo jiulizeni kwanza: tunataka mayai ya kuuzisha tu, au tunataka mbegu ya kuzalisha? Kwa mayai tu, kuku wa kampuni anatosha, lakini kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi mtanunua wengine. Kwa mbegu, tafuteni Rhode Island wa kweli.

2. "Inataga mayai ngapi kwa mwaka?"

Akipata chakula kamili, maji na chanjo, anaweza kufika mayai 200 hadi 250, na wengine wanapita hapo. Kuku wa kienyeji anayejitafutia anatoa kama 30 hadi 60. Lakini angalieni neno "akipata". Yule Rhode Island ukimwachia ajitafutie uani na kumtupia mabaki ya bukari tu, hesabu ile inaanguka vibaya. Kuku hawezi kutoa katika yai kitu ambacho hakuingiza mdomoni.

3. "Juu ya nini hailalie mayai?"

Kwa sababu waliomchagua walitaka kuku wa kutaga. Kuku anayelalia anaacha kutaga, basi walibakiza wale wasiopenda kulalia. Wengine bado wanalalia, lakini msiwategemee. Dawa yake mnayo nyumbani: mama wa kienyeji. Mtilieni mayai 10 hadi 12 ya Rhode Island, siku ya 21 vifaranga vitatoka, na atavilea kama vyake, hata kipanga akija.

Vifaranga visivyo na mama vinahitaji joto majuma 3 hadi 4 ya kwanza. Usiku wa Likasi katika Juni ni baridi kweli. Mbabula yenye makala yaliyokwisha kuwaka vizuri inasaidia, lakini chumba kiwe na hewa, maana gesi ya makala inaua vifaranga na watu vilevile.

4. "Mi niko na kuku za kienyeji. Niziuzishe zote, ninunue hizi?"

Tunawaomba sana: msifanye hivyo. Kuku wa kienyeji anajua kukimbia, kulalia, kulea, na kuishi na chakula kidogo. Ukimwondoa, umeondoa ukuta wa nyumba kabla ya kujenga mwingine.

Njia ya gharama ndogo ni hii: nunueni jogoo wa Rhode Island, mumpandishe na majike ya kienyeji. Jogoo mmoja anatosha majike 10. Watoto watakuwa nusu kwa nusu: wakubwa kuliko mama zao, wanaotaga zaidi, na bado wanajua kutafuta chakula. Kenya ilifanya mpango kama huu kuanzia miaka ya 1970: mkulima aliletewa jogoo wa aina bora, jogoo wake wa kienyeji akachukuliwa.

Kuna mambo matatu yanayoharibu mpango huu:

– Majogoo ya kienyeji yanabaki. Jogoo wa zamani ana mbio na ukali, anampiga mgeni na kupanda majike yote. Lazima yaliwe au yauzishwe, ya jirani pia. Ndiyo maana mtu mmoja peke yake hawezi. Kijiji kizima kikubali, ama makuta yapotee.

– Jogoo anapanda binti zake. Baada ya mwaka mmoja, mpelekeni jogoo kwenye kikundi kingine, na nyinyi mpokee wa kwao. Andikeni katika kayee: jogoo gani, katoka wapi, kaingia lini.

– Watu wanaongeza damu ya kizungu kila mwaka. Mkiwapandisha wale wa nusu kwa Rhode Island tena, mtapata robo tatu. Watakuwa wakubwa zaidi, lakini watadai provende zaidi na kusahau kulalia. Kwa kuku anayetembea nje, nusu inatosha.

5. "Inakula nini? Makuta ya provende itatoka wapi?"

Jike anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 10 ni kilo 1 na gramu 200 kwa siku, yaani kilo 36 kwa mwezi. Kama kuku hao 10 wanatoa mayai 200 kwa mwezi, kila yai limekula gramu 180 za provende.

Shikeni hesabu hiyo. Kabla ya kununua kuku, nendeni sokoni muulize bei ya gramu 180 za provende, na bei ya yai moja. Kama bei hizo mbili zinakaribiana, utakuwa unafanya kazi kwa ajili ya kuku, si kuku kwa ajili yako. Tena bei ya mahindi inapanda sana kati ya Desemba na Februari, kabla ya mavuno. Anayetaka kufuga aweke mahindi yake wakati wa mavuno.

Provende ya kilo 10 kwa majike yanayotaga, kwa vitu vya hapa:

– mahindi yaliyosagwa kwa ukubwa: kilo 5 na nusu
– pumba za mahindi: kilo 1
– soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 2
– ndagala zilizokauka na kusagwa: gramu 700
– maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa, au maganda ya konokono: gramu 770
– chumvi: gramu 30 (kama ndagala zina chumvi, msitie)

Soya isipokaangwa inazuia tumbo la kuku kutumia chakula, basi msiruke hatua hiyo. Mahindi yenye kuvu msiwape kuku hata kidogo: sumu yake inaharibu maini yao. Vifaranga wasipewe provende hii, kwa sababu maganda mengi yanaumiza figo zao. Juu ya provende, wapeni majani mabichi kama lengalenga, na inswa wakati wa mvua za kwanza. Maji safi yawepo siku nzima: kuku aliyekosa maji siku moja anaweza kuacha kutaga siku nyingi.

6. "Ile maladi inamaliza kuku mu kartie yote, hii kuku inaiweza?"

Hapana. Hapa ndipo makuta mengi yanapotea. Ugonjwa huo ni Newcastle, Wafaransa wanauita pseudo-peste. Kuku anasinzia, anaharisha kijani, anapindisha shingo, na ndani ya siku chache kibanda kimekuwa kitupu. Haina dawa. Vidonge vya antibiotiki ambavyo watu wanatia ndani ya maji haviui virusi hiyo. Iko chanjo tu, na chanjo inafanya kazi kwa kuku mzima, haiponyi mgonjwa.

Kwa kuku wa kijijini, chanjo ya tone la jicho irudiwe kila miezi 3 au 4. Tunapendekeza Machi, Julai na Novemba. Ile aina inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko nyingine. La Sota inataka kukaa baridi, digri 2 hadi 8, kuanzia kwa muuzaji mpaka kibandani.

Mkitia La Sota ndani ya maji ya kunywa, msitumie maji ya bomba jinsi yalivyo, maana dawa ya kusafisha maji inaua chanjo. Tumieni maji ya kisima safi, au tieni kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta katika kila litre na kungoja nusu saa. Kuku wazuiliwe maji saa moja au mbili kwanza, kisha wamalize yale ya chanjo ndani ya saa mbili.

Chupa moja ya chanjo mara nyingi ni ya kuku 100 au zaidi, na ikifunguliwa lazima iishe siku ileile. Mama mwenye kuku 8 ataona ni hasara. Lakini kaya 12 zenye kuku 8 zinaimaliza chupa asubuhi moja, na kila nyumba inalipa kidogo sana. Hiyo ndiyo kazi ya koperative.

Kuku mpya yeyote akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Kuku aliyekufa afukiwe au achomwe. Msimtupe njiani, wala msiuzishe walio wagonjwa haraka haraka sokoni: ndivyo ugonjwa unavyotembea kutoka kartie mpaka kartie.

7. "Basi tuanze namna gani?"

Kwa utaratibu huu, bila kuruka:

Kwanza, chanjeni kuku mlio nao, mara mbili, kwa miezi mitatu hadi minne. Pili, jengeni vibanda vyenye hewa, vilivyoinuka kutoka chini, vyenye mlango wa kufunga usiku. Tatu, wekeni akiba ya mahindi na soya. Nne, kubalianeni kuondoa majogoo ya zamani. Tano, ndipo mnunue majogoo mawili au matatu ya Rhode Island, si kuku mia.

Kundi ambalo halikuweza kuchanja kuku wa kienyeji mara mbili, halitaweza kumtunza Rhode Island. Na kundi lililochanja litaona faida hata kabla ya jogoo mwekundu kufika, kwa sababu vifaranga vilivyokuwa vinakufa vitabaki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

– Mwaka uliopita, kila kaya ilipoteza kuku wangapi? Kwa ugonjwa, kwa kipanga, kwa wezi? Andikeni hesabu.
– Katika soko letu leo, gramu 180 za provende ni bei gani? Na yai moja?
– Nani katika kikundi anaweza kushika kayee ya chanjo, na nani ana friji, au anajua mwenye nayo?
– Je, majirani wasio memba watakubali kuondoa majogoo yao? Nani atakwenda kuzungumza nao, na tutawapa nini?

Leteni majibu kwenye mkutano ujao na mwezeshaji wenu. Kwa majibu hayo tutapanga pamoja vikundi vya kwanza kupokea majogoo.