Pambo kama Matini: Picha za Watiishaji Simba

Katika fasihi simulizi, hadhira haikai kimya. Huitikia, huongeza na wakati mwingine hukamilisha utungo wa fanani. Makala haya yanabainisha kwamba uhusiano huo hujitokeza pia katika picha za ukumbusho zilizouzwa mjini London katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Wachapishaji walichapa michoro ya waigizaji maarufu na kuiuza kwa peni moja bila rangi, au peni mbili ikiwa imetiwa rangi. Mnunuzi aliipamba mwenyewe nyumbani kwa vipande vya metali nyembamba inayometameta, vitambaa, hata manyoya. Watiishaji simba wa sarakasi nao waliingia katika sanaa hii. Aliyevuma zaidi miongoni mwao ni Mmarekani Isaac Van Amburgh (aliyefariki 1865), aliyeingia kizimbani akiwa na mavazi ya Kirumi. Alifika Uingereza mwaka wa 1838, na Januari 1839 Malkia Victoria alimtazama zaidi ya mara moja katika ukumbi wa Drury Lane.

Metali ilibandikwa hasa kwenye mavazi na silaha. Hivyo basi, aliyeng'aa ni mtu. Mnyama alibaki wino mtupu. Kipigo, ambacho Van Amburgh alijulikana kukitumia kuwatiisha wanyama wake, hakikuwa na nafasi katika picha. Pambo lilidhihirisha ushujaa, likafunika gharama yake.

Mfano wa karibu ni wapiga picha wa Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990. Mteja, mara nyingi kibarua kutoka bara, alisimama mbele ya pazia lililochorwa meli, ndege au jumba la fahari, kisha akaituma picha nyumbani. Jamaa aliyeipokea Molo angeona fanaka. Asingeona mzigo begani wala kodi ya chumba. Hata hivyo, tofauti ipo: hapa anayepambwa ndiye aliyebeba gharama.

Mwanafunzi anayechambua majigambo au tungo za sifa anaweza kunufaika na ulinganisho huu. Sifa nazo ni metali inayobandikwa. Kuorodhesha tamathali pekee hakutoshi. Sharti aulize: nani amepambwa, nani kaachwa bila pambo, na ni maumivu ya nani yaliyofunikwa?