Kikundi cha wazee wenye usahaulifu: anzia mkononi, si kwenye maswali

Nimerudi Uyole, Mbeya, kutoka Iringa nina hasira na furaha kwa pamoja. Naziandika zote mbili, maana naulizwa kila mara: kikundi cha wazee walioanza kusahausahau kinaendeshwaje?

Hasira kwanza. Kule Iringa, mtaani Kihesa, alitujia kijana mmoja wa mradi, makaratasi mkononi. Wazee walikuwa wameshaota jua, chai imeshapita, soga zimekolea. Akamsimamia mzee mmoja: "Babu, leo tarehe ngapi? Mwaka gani? Haya, nitajie tena yale maneno matatu." Mzee akatazama chini. Akaulizwa tena, safari hii kwa sauti ya juu, na masikio yake hayana tatizo lolote. Akachukua mkongojo wake, akasema, "Mwanangu, mimi shule nilishamaliza," akaenda zake. Bibi aliyekaa jirani yake naye akanyamaza mpaka tunaagana. Maswali yale yana mahali pake, nako ni kwa daktari, faraghani. Kumtahini mtu mzima mbele ya wenzake ni kumvua nguo hadharani.

Haya, hatua za mwanzo nazipitia haraka. Mzee aanzie hospitali: presha, sukari, macho, masikio na dawa anazomeza, kwa kuwa usahaulifu mwingine unatokana na hayo na hutibika. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bure, kwa hiyo fuatilieni kitambulisho chake serikali ya mtaa. Kikundi kisizidi watu wanane. Siku iwe ileile, saa ileile, mahali palepale. Kwa Mbeya, Juni na Julai msianze kabla ya saa nne. Baridi ya Uyole haina adabu kwa magoti ya wazee. Chai iwe na maziwa. Mimi kwa Iringa sibabaiki, nanunua ya Asas, kwani ya kupimiwa barabarani yamenikatikia kwenye sufuria wageni wakiwa wameshakaa.

Utaratibu wenyewe si wa kubuni. Aimee Spector na wenzake wa London walichapisha utafiti wao mwaka 2003: vikao 14, viwili kwa wiki, kwa wiki saba, kila kimoja na mada yake, kama vile chakula, utoto, sauti au fedha. Baadaye utaratibu huo ukajaribiwa hapa kwetu, wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako ilibidi kuutengeneza upya uwafae wazee ambao wengi hawakusoma na macho yao yamechoka. Kanuni yake ninayoishika kuliko zote ni hii: omba maoni, usidai kumbukumbu.

Sasa mbinu yangu. Sarafu za zamani.

Kuzipata ni kazi. Mchuuzi mmoja wa Mwanjelwa aliposikia nataka sarafu alidhani nasaka rupia za Mjerumani, akanitajia bei ya mbuzi mzima. Wanaojiita wauza mali kale waepukeni, wanauza ndoto. Sarafu zangu nilizipata kwa mama wa mitumba pale Soko Kuu la Iringa, kopo zima la vifungo na chenji iliyokufa, kwa bei ya vitunguu.

Nazitia kwenye mfuko wa kitambaa. Kila mzee anaingiza mkono bila kutazama, anatoa moja, anaishika. Kwa mwenye mtoto wa jicho picha haina msaada, lakini vidole havijasahau. Ndururu ya shaba ina pembe 12. Peni ya pundamilia ina ukingo wa mawimbi. Thumuni ina sungura, shilingi ina mwenge. Usiulize ni ya mwaka gani. Uliza: "Ukiwa na hii, utaanza kununua nini?"

Na hapa ndipo furaha yangu ilipo: wiki iliyofuata baada ya ujio wa yule kijana, yule bibi aliyenyamaza Kihesa alitoa thumuni. Akaipitishia kidole gumba kwa muda mrefu, nami nikajizuia nisimwahi. Kisha akasema, "Hii ya chumvi." Akaendelea kwa Kihehe, jirani yake akinitafsiria. Mumewe alikuwa kibarua kwenye chai kule Mufindi, akituma hela kwa watu wa basi. Akasimulia foleni za sukari za mwanzoni mwa miaka ya 1980, alivyokuwa akiacha jiwe limshikie nafasi mlangoni mwa duka la serikali la RTC ili akanyonyeshe. Yule mzee wa mkongojo, ambaye nilimfuata mwenyewe nyumbani nikamwomba arudi, akadakia kwamba mawe hayakuwa yakiheshimiwa hata kidogo. Wakabishana kweli kweli! Nani alisema kweli? Sikuamua, na wewe usiamue. Anayebishana yuko hai kikundini.

Hapa Uyole nako sarafu zilezile zilituchukulia asubuhi nzima. Mzee mmoja aliyefanya kibarua cha TAZARA, reli iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, alizipanga mezani kuonyesha mshahara ulivyogawanywa: huu wa mama, huu wa kiberiti na sigara, huu wa kuweka. Ndiye ambaye nyumbani wanasema hakumbuki kama amekula.

Tahadhari moja tu. Fedha huamsha na machungu. Kuna aliyekumbuka nyumba yake iliyobomolewa wakati wa Operesheni Vijiji, akalia. Usibadilishe mada kwa haraka. Mwache aseme, mpe chai, mwenzake amshike mkono.

Ukimrudisha mzee kwao, mwambie mwanawe au mkwewe alichokisimulia siku hiyo, kinagaubaga, naye akiwapo anasikia. Nyumba nyingi zimezoea kuhesabu anachosahau. Wakianza kumwomba awamalizie hadithi ya foleni ya sukari, kikundi chako kimefanya kazi ambayo kidonge hakiifanyi.