Kuchagua na Kuandaa Kompyuta kwa Mtandao wa Mawimbi wa Chuo Kikuu

Mwanafunzi wa Misungwi anayemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya chuo kikuu, awe anakwenda Nyegezi kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, au Bugando kusomea utabibu, au mbali zaidi hadi Dar es Salaam, hukabiliwa na ununuzi ambao pengine wazazi wake hawajapata kuufanya. Ununuzi huo ni wa kompyuta. Fedha zake hutoka katika mpunga, pamba au ng'ombe, na zikipotea hazipatikani tena hadi msimu mwingine. Dukani ataelezwa habari za ukubwa wa kioo, rangi na jina la kiwanda. Ni mara chache atakapoelezwa juu ya redio iliyomo ndani yake, ingawa redio hiyo ndiyo itakayoamua kama ataufikia mtandao wa chuo au la.

Tunasema redio kwa makusudi. Mtandao usio na waya, ambao watu huuita waifai, ni mazungumzo ya redio baina ya kompyuta na kituo cha mawimbi, yaani kile kisanduku kinachotundikwa ukutani au darini. Asili yake imo vyuoni. Mwezi Juni mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya uongozi wa Norman Abramson, kilianza kuendesha mtandao ulioitwa ALOHAnet, ili watu waliokuwa katika visiwa mbalimbali waitumie kompyuta iliyokuwa Honolulu. Msomaji aliyesimama ufukweni akitazama visiwa vya Ziwa Viktoria ataielewa shida yao mara moja. Habari zilikatwa vipande vifupi, na kila mashine ikarusha kipande chake wakati wowote ilipotaka. Vipande viwili vikigongana hewani, vyote viliharibika. Basi kila mashine ilingoja muda wa kubahatisha, kisha ikarudia.

Waifai ya leo ina adabu zaidi, kwa kuwa kila mashine husikiliza kwanza kama hewa ni kimya kabla ya kusema. Lakini jambo la msingi halijabadilika: hewa ni moja, na wote waliomo ukumbini huigawana. Hebu tupige hesabu. Kipande kimoja cha baiti 1,500 kina biti 12,000. Kompyuta yenye mwendo wa megabiti 54 kwa sekunde hukirusha kwa muda wa sekunde 0.00022 hivi. Kompyuta yenye mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa chini kabisa wa waifai ya zamani, huhitaji sekunde 0.012, yaani mara 54 ya muda ule. Sasa ikiwa hizi mbili zinapokezana, kipande kwa kipande, ile ya haraka itangoja kila mara mpaka mwenzake amalize. Mwendo wake utashuka hadi chini ya megabiti 1 kwa sekunde! Hivyo kompyuta yenye redio dhaifu haimchelewishi mwenyewe tu. Huwachelewesha jirani zake wote. Kwa sababu hiyo baadhi ya wasimamizi wa mitandao huifunga miendo hiyo midogo, na kompyuta kuukuu ikakataliwa mlangoni.

Waifai hutumia hasa masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Tukigawanya kasi ya mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa idadi ya mitetemo, tunapata urefu wa wimbi wa sentimita 12.5 kwa masafa ya kwanza na sentimita 6 kwa yale ya pili. Mawimbi marefu hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nafasi yake ni finyu: njia zisizoingiliana ni 3 tu katika sehemu nyingi za dunia. Katika bweni lenye vituo vingi, njia hizo hujaa upesi. Masafa ya gigahezi 5 yana njia nyingi zaidi, ila yanadhoofishwa mapema na kuta. Mabati huyazuia yote mawili, na miamba mikubwa ya Mwanza nayo haina huruma.

Basi tafuta kompyuta yenye kusikia masafa yote mawili. Kuhakikisha ni rahisi. Katika kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, kisha andika netsh wlan show drivers. Kati ya mistari itakayotokea kuna aina za redio, zikitajwa kwa namba 802.11 na herufi. Ukiona b, g na n peke yake, redio hiyo ni ya gigahezi 2.4 tu. Ukiona pia a au ac, inafika gigahezi 5. Mwombe muuzaji akuruhusu kufanya hivyo kabla ya kulipa. Akikataa, nenda duka jingine.

Kwa kompyuta iliyokwisha kutumika kuna jaribio moja zaidi. Antena zake kwa kawaida zimo ndani ya kifuniko cha kioo, na nyaya zake hupita penye bawaba. Kioo kikibadilishwa na fundi mwenye haraka, nyaya hizo huachwa zikining'inia. Weka simu yako karibu na kompyuta, hatua 20 kutoka kituo cha mawimbi, na ulinganishe. Simu ikipata mawimbi na kompyuta isipate, pana kasoro. Ikiwa tayari umenunua, redio ndogo ya kuchomeka katika tundu la USB itakusaidia kwa gharama ndogo.

Mengine tutayataja kwa ufupi. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kwa masomo mengi, na diski isiyozunguka ni bora kuliko ile ya kuzunguka. Muda wa matunzo ya kawaida ya Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kuweka Linux, ambayo hailipiwi. Masahihisho ya usalama yapakuliwe kabla ya safari, maana wiki ya kwanza chuoni kila mtu huyahitaji kwa pamoja.

Lipo tatizo moja dogo linalowahangaisha wengi: saa. Mitandao mingi ya vyuo, ukiwamo eduroam uliobuniwa Ulaya mwaka 2002 na ambao sasa umefika pia Tanzania, haitoi neno moja la siri kwa watu wote. Kila mtu huingia kwa jina lake, pamoja na anwani ya chuo chake baada ya alama @. Nao mtambo wa chuo humwonyesha cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta iliyokaa dukani miaka mingi huenda betri yake ndogo ya saa, iliyo bapa kama sarafu, imekufa. Ikiwashwa hudhani huu ni mwaka 2009. Itakikagua cheti, itaona kwamba muda wake haujaanza, nayo itakikataa. Fundi asiyejua sababu atasema redio imeharibika, na mwanafunzi atanunua nyingine bila haja, ilhali dawa ilikuwa kusahihisha tarehe na kubadili betri.

Wala cheti hicho kisikubaliwe kwa kubonyeza tu. Yeyote bwenini anaweza kuwasha redio na kuipa jina la mtandao wa chuo, akangoja maneno ya siri ya wenzake. Uliza ofisi ya kompyuta ya chuo jina kamili la mtambo wao, kisha ulilinganishe na lile linaloonekana kwenye kioo.

Zoezi: Kompyuta tatu zinapokezana vipande vya biti 12,000. Mbili zina mwendo wa megabiti 54 kwa sekunde na moja ina megabiti 6. Tafuta mwendo ambao kila moja itaupata. Kisha iondoe ile ya megabiti 6, urudie hesabu kwa mbili zilizobaki.