Meru Ipi Hiyo?

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kumhamishia Kirilo Japhet Kenya. Alikuwa akiandika juu ya Wameru katika Wikipedia ya Kiswahili, akapata kitabu kinachoeleza jinsi walivyofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo akaenda Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kuwatetea. Yote kweli. Ila hao ni Wameru wa Tanganyika, wa mlima ulio karibu na Arusha. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru wa Kenya, hawaijui.

Tangu hapo, kijana wa Meru au Embu akiniletea chanzo cha makala yake, kabla sijamuuliza mwandishi ni nani namuuliza: Meru ipi? Hata ndani ya Kenya jibu si moja. Wilaya ya Meru iligawanywa mwaka 1992, kwa hiyo sensa ya 1989 ilihesabu eneo kubwa kuliko kaunti ya leo, iliyokuwa na watu 1,545,714 mwaka 2019. Ukizilinganisha namba za sensa hizo mbili bila maelezo, utampotosha msomaji kwa takwimu sahihi.

Kisha tafuta nani kamnakili nani. Tuliwahi kukuta tovuti tano zenye sentensi ileile kuhusu Embu, kijana akachekelea kwamba ana mashahidi watano. Tulipofungua historia ya ukurasa wa Embu katika Wikipedia, kumbe sentensi ilizaliwa humohumo, bila tanbihi.

Penye kazi ni kwa wazee. "Mwalimu, babu yangu ni wa Njuri Ncheke, anajua kuliko kitabu." Huenda anajua. Lakini msomaji aliyeko Mombasa lazima aweze kuhakiki, na hawezi kwenda kumbishia babu hodi. Kijana mmoja aliyeniambia hivyo nilimtuma amsomee babu yake kitabu cha Jeffrey Fadiman, kilichojengwa juu ya simulizi za wazee wa Meru. Babu akakataa sura nzima! Hapo ndipo kijana alipoelewa kwa nini tunaandika "kwa mujibu wa Fadiman", na kwa nini safari ya Wameru kutoka Mbwa, wanakosimulia kuwa ndiko asili yao, tunaitaja kama masimulizi, maana wataalamu hawajakubaliana Mbwa ni wapi.

Kwa Embu tunategemea kitabu cha H.S.K. Mwaniki cha 1973 kuhusu historia ya Embu na Mbeere. Nakala yetu ni moja, na kurasa zimeanza kuchomoka. Mwenye nyingine kabatini, tafadhali aipeleke maktaba iliyo karibu naye.