Kidonda Kidogo Porini: Usikidharau



Kazi yetu haifanyiki sikuzote karibu na dispensari. Fikiri uko na kikosi chako kwenye vilima vya Boga, juu ya bonde la Semliki, mnafyeka njia ya wapimaji. Panga linateleza na kukukata mguuni. Bunia ni mbali, na mvua imeharibu barabara. Utafanya nini?

1. Zuia damu. Keti chini. Weka kitambaa safi juu ya kidonda, ukandamize kwa nguvu muda wa dakika 10 bila kufunua. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu ya kile cha kwanza. Mwenzako anayekusaidia asiguse damu kwa mikono mitupu: avae glavu, au mfuko wa plastiki usiotoboka. Tusisahau Ebola iliyopita Ituri na Kivu ya Kaskazini kati ya 2018 na 2020.

2. Osha. Kidonda kidogo kikiacha kutoa damu, kioshe kwa sabuni na maji mengi safi mpaka mchanga utoke. Usitie udongo, majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya gari. Kijiti kilichozama sana usikivute, mwachie muganga.

3. Funga. Tumia kitambaa safi na kikavu. Kibadili kila siku, na mara kikilowa.

Pepopunda

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Huingia hata kwa tundu dogo la mwiba au msumari. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya siku 3 na 21, pengine kidonda chenyewe kimekwisha kupona. Taya linakaza, shingo inakuwa ngumu, mwili unakakamaa. Wengi hufa. Kinga yake ni sindano. Kama hukumbuki ulichomwa lini, usingoje: mwulize muganga leo.

Nyoka akikuuma

Usikimbie. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi ambalo wengi wanalitumaini halivuti sumu. Linapoteza saa tu. Vua pete, saa na viatu kabla ya kuvimba. Funga kiungo kwenye kijiti kisitikisike, kisha wenzako wakubebe kwa machela au pikipiki mpaka hospitali. Msipoteze nafasi kumtafuta nyoka.

Nenda kwa muganga upesi kama:

– damu haikomi;
– kidonda ni kirefu ndani, au umeumwa na mnyama;
– kidonda kinavimba, kina joto, kinatoa usaha;
– una homa, au taya linakaza.

Kabla ya kutoka kambini

Kapita ahakikishe mfuko wa kikosi una sabuni, chupa ya maji safi, bandeji, glavu, mkasi na filimbi. Kila mmoja ajue mfuko huo uko wapi. Mfuko uliobaki kambini haumsaidii aliyeumia porini.

Maswali ya kujadiliana kikosini

1. Kwa nini tusifunue kitambaa kabla ya dakika 10?
2. Mwenzako ameumwa na nyoka. Utamkataza nini?
3. Wewe ulichomwa sindano ya pepopunda mwaka gani?

Asiyeweza kujibu swali la tatu aanzie kwa muganga kesho asubuhi.